Shingo Mbili

Kwenye vibanda vya Bulla Pesa, Isiolo, siku hizi ngozi inauzwa kwa pakiti. Kuna unga wa kolajeni wa kukoroga kwenye maji, kuna vidonge vya kung'arisha uso, kuna majani ya chai yanayoahidi kufuta madoa, na vyote vimepangwa rafu moja na sabuni, kandambili na betri za tochi. Muuzaji ni kijana mchangamfu asiyemwacha mteja apite hivihivi. Akiona chunusi hutoa pakiti ya kijani. Akiona mikono iliyokauka hutoa ya bluu. Binti wa dada yangu aliipiga picha mojawapo akanitumia kwa simu: "Mama mdogo, hii inafanya kazi kweli?"

Nilimjibu kwa urefu uliomchosha. Najua, kwa sababu alichonirudishia ni kidole gumba tu. Basi yaliyobaki nayaandika hapa. Nimefanya kazi ya lishe Isiolo tangu ilipokuwa wilaya, kabla ya mambo ya kaunti, na watu hudhani kazi ile ni mizani na utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Hivyo vipo. Lakini mtu anapokaa mbele yako kwenye benchi, kabla hajaeleza kilichomleta, ngozi yake imekwisha kutoa nusu ya maelezo: amekula nini, amekosa nini, na mara nyingi tangu lini. Kuisoma sikuanzia chuoni. Nilianzia kwa akko, mama yake mama.

Akko alikuwa wa Garbatulla. Alipokuwa mama kijana ilikuja vita ya shifta, 1963 hadi 1967, na yale ambayo Waborana wa Waso mpaka leo huyaita Daaba: watu walikusanywa kambini chini ya ulinzi, mifugo ikazuiwa kwenda malishoni, ikafa au ikapigwa risasi. Familia zilizoishi kwa maziwa, nyama na samli zikajikuta zinapanga foleni ya posho. Wazee wakisimulia miaka ile huanza na ng'ombe. Akko alianza na miundi ya watoto. Alisema miguu iliparara mpaka ikawa inakwaruza nguo, vipele vigumu vidogovidogo vikaota kwenye vinyweleo vya mapaja na viwiko, na jua likizama wengine walikuwa wanapapasa kutafuta mlango.

Neno vitamini hakulijua. Alijua kwamba maziwa yaliporudi, macho ya jioni yalirudi kwanza na ngozi ikafuata polepole. Nilipofika chuoni nikakutana na habari ileile kwa sauti nyingine: mwaka 1933 daktari aitwaye Loewenthal aliandika juu ya wafungwa wa Uganda waliokuwa na ngozi kavu yenye vipele vigumu kwenye vinyweleo, pamoja na ugonjwa wa macho, wakapona kwa mafuta ya ini la samaki. Walikosa vitamini A. Na vitamini A iko kwenye samli, maziwa yenye mafuta yake, ini na mayai, na mwili huitengeneza pia kutokana na mboga za majani na matunda ya rangi ya chungwa. Garbatulla ya Daaba haikuwa na hata kimoja.

Sisi wajukuu alikuwa akituita mmoja mmoja, anapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya muundi kutoka gotini kwenda chini. Ukucha ukiacha mstari mweupe, alinyamaza, akachukua kijiko. Samli yake ilikuwa ya mdomoni. Ya kupaka mguu alikuwa na mafuta mengine ya duka, na alikuwa mkali sana juu ya kuchanganya matumizi ya hivi viwili.

Miaka miwili kabla ya Loewenthal, mwaka 1931, Gilks, aliyekuwa mkuu wa tiba wa koloni la Kenya, na Orr, mtaalamu wa lishe kutoka Uskoti, walichapisha ripoti ya kulinganisha Wamaasai na Wakikuyu: wa kwanza watu wa maziwa, nyama na damu, wa pili watu wa nafaka na mizizi. Vidonda vya kitropiki, vile vinavyotafuna muundi miezi na miezi, viliwaandama zaidi Wakikuyu. Wamaasai nao walisumbuliwa zaidi na viungo na kufunga choo. Ripoti ile ina harufu ya enzi yake, enzi ya serikali iliyotaka vibarua wenye nguvu kuliko ilivyotaka watu wenye afya. Lakini kuna jambo ndani yake watu hulipita haraka: tofauti kati ya wanawake wa pande hizo mbili ilikuwa ndogo kuliko ya wanaume, na wanawake wa Kikuyu walikuwa wakila majani mabichi ambayo waume zao waliyaacha. Kwa hiyo jambo halikuwa ng'ombe dhidi ya shamba. Lilikuwa ni nani anakula nini ndani ya nyumba moja.

Mama yangu aliuza maziwa ya ngamia. Isiolo biashara hiyo ni ya wanawake, wengi wao Wasomali, na baadaye wengi walijiunga katika ushirika wa Anolei. Maziwa hutoka kwenye makundi ya Kulamawe, Burat na Gotu, hufika mjini kwa gari au pikipiki, huonjwa, hunuswa, huchanganywa, kisha hupakiwa basi la Nairobi kwenda Eastleigh. Maziwa ya biashara yalikaa kwenye jerikeni za manjano. Ya nyumbani yalikaa kwenye kibuyu ambacho mama alikifukiza mwenyewe: alidondosha kaa la moto ndani, akaziba mdomo kwa kiganja, akatikisa mpaka moshi ukashika kuta zote, akamwaga jivu na kufuta kwa kitambaa. Maziwa yalitoka na harufu ya mti uliochomwa. Hadi leo nikinywa maziwa yasiyo na moshi naona yamepungukiwa.

Jambo moja mama hakulijua lakini lilimlinda: maziwa ya ngamia yana vitamini C mara tatu hivi ya ile ya maziwa ya ng'ombe. Ng'ambo ya Ewaso Nyiro, ambako unaweza kusafiri kutwa usione shamba la matunda, ngamia ndiye mchungwa wa watu.

Hapo ndipo unga wa kolajeni unapoingia. Kolajeni ni nyuzi za protini zinazoishikilia ngozi, ufizi, mishipa na kovu. Mwili huzisuka wenyewe, na hauwezi kuzisuka vizuri bila vitamini C. Ikikosekana miezi kadhaa, ufizi huvimba na kutoa damu, madoa ya damu hutokea kuzunguka vinyweleo, miguu huuma, na makovu ya zamani yaliyokwisha kupona hufunguka upya. Huo ndio ugonjwa wa kiseyeye uliowamaliza mabaharia, na usidhani uliishia kwenye merikebu. Kati ya 2017 na 2018 uliwapata vijana wa Sudan Kusini katika kambi ya Kakuma, hapahapa Kenya. Walikuwa wakiishi kwa mgao wa nafaka, kunde na mafuta, na chakula cha namna hiyo hushibisha bila kubeba vitamini C ya kutosha.

Ukimeza kolajeni ya pakiti, tumbo haliitumi usoni. Linaikatakata kama linavyokatakata nyama na maharage, kisha mwili unaamua vipande viende wapi. Upo utafiti uliokuta unyevu wa ngozi umeongezeka kidogo kwa wanaokunywa, na sehemu kubwa ya utafiti huo imelipiwa na wanaouza. Supu ya miguu ya mbuzi inayouzwa asubuhi karibu na stendi nayo ni kolajeni, ila hakuna aliyeibandika lebo. Ongeza limau, umemaliza kazi. Nilimwambia mpwa wangu hivyo, na nadhani ndipo alipotuma kile kidole gumba.

Sekondari nilisoma bweni, upande wa mlimani, ambako Wameru walitushangaa sisi wa chini kwa kupenda maziwa na sisi tukawashangaa kwa kupenda githeri. Asubuhi uji, mchana githeri, jioni ugali na kabichi iliyochemshwa mpaka ikasahau kwao. Katikati ya muhula wasichana wengi walikuwa wamechanika pembe za mdomo. Tulikuwa na hadithi kwamba aliyechanika ameiba sukari ya mwenzake, na waliochanika waliona aibu, wakalamba pale kwa ulimi ili pasionekane, na mate yakapazidisha. Ulikuwa ni upungufu wa vitamini za kundi B, hasa ile ya pili, ambayo hupatikana kwenye maziwa, mayai, nyama na mboga za kijani. Likizo ilitutibu. Wiki chache nyumbani, midomo ikafunga, tukarudi shule, ikachanika tena. Kalenda ya shule ilisomeka kwenye midomo yetu, lakini mtunza stoo alikuwa akisoma leja.

Chunusi ilikuwa kesi nyingine. Mwalimu mmoja alikataza njugu karanga na mafuta, akisema ndivyo vinavyotokea usoni. Tuliamini, tukaacha karanga, chakula pekee chenye maana kilichouzwa dukani pale shuleni, tukabaki na soda, mandazi na peremende. Ushahidi unaelekea upande mwingine kabisa. Mwaka 2002 Cordain na wenzake waliandika kuhusu kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea, ambako watu 1,200 walichunguzwa, 300 kati yao wa miaka 15 hadi 25, na hakuonekana hata mmoja mwenye chunusi. Chakula chao kilikuwa viazi, matunda, samaki na nazi. Mwaka 2007 huko Australia vijana waliopunguziwa vyakula vinavyopandisha sukari ya damu kwa kasi walipungukiwa na chunusi kuliko wenzao. Sukari ikipanda ghafla, insulini hupanda nayo, na insulini nyingi huamsha tezi za mafuta ya ngozi. Maziwa nayo hayajasamehewa: Adebamowo, daktari Mnigeria, na wenzake waliona mwaka 2005 kwamba wauguzi wa Marekani waliokumbuka kunywa maziwa mengi wakiwa sekondari walikumbuka pia chunusi zaidi, hasa kwa maziwa yaliyoondolewa mafuta. Kwa binti wa mfugaji hilo si jepesi kulisikia. Lakini uhusiano huo ni mdogo, chunusi haiui mtu, na njaa inaua. Sijawahi kumwambia msichana wa Isiolo aache maziwa.

Ukame nimeuona zaidi ya mmoja, ila huu wa karibuni, mvua zilipokataa misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, ulizidi. Serikali ilitangaza janga la taifa Septemba 2021, na kabla mambo hayajatulia mifugo zaidi ya milioni mbili ilikuwa imekufa katika nchi kavu ya Kenya. Mfugo hafi siku moja. Kwanza hukata maziwa. Kwa hiyo chakula cha mtoto hutoweka wakati mzoga wa kwanza haujaonekana, na mwenye jicho atakiona kitu hicho kwenye ngozi mapema.

Mama mmoja alimleta mtoto wa kama miaka miwili akiwa amemfunga mgongoni. Alimfungua taratibu, akamweka mezani, akasema, "Daktari, naomba dawa ya kupaka." Huku kila avaaye koti jeupe ni daktari. Mtoto alikuwa na mashavu, na hayo mashavu ndiyo yaliyomdanganya kila mtu njiani. Nilibonyeza juu ya wayo, kidole kikaacha shimo lililokaa. Nywele zilikuwa zimepauka zikawa na wekundu. Kwenye mapaja na kiunoni ngozi ilikuwa imegeuka nyeusi na kuanza kubambuka vipande vipande, na chini yake nyama laini ya waridi. Mama alikuwa amekwisha kununua mirija kadhaa ya krimu kwenye kemisti. Alinionyesha yote, ameifunga kwenye kitambaa, kila mmoja umekamuliwa mpaka mwisho.

Ile ni kwashiakoo. Jina hilo lilitambulishwa ulimwenguni na Cicely Williams, daktari aliyekuwa Gold Coast, Ghana ya leo, katika miaka ya 1930. Huku kwetu aliyehangaika nayo ni Hugh Trowell, Mwingereza aliyefika Kenya 1929, kisha akaenda Mulago, Kampala. Mwanzoni yeye alidhani ni pelagra ya watoto, yaani ugonjwa wa kukosa vitamini iitwayo niasini, na 1937 aliandika hivyo, kwa sababu ngozi zile zinafanana. Dawa ya pelagra haikuwasaidia watoto wake. Baadaye, 1954, yeye na wenzake Davies na Dean waliandika kitabu kizima kuhusu kwashiakoo. Napenda kumtaja mtu huyu kwa sababu atarudi mbele kidogo.

Hatukumpaka mtoto yule kitu cha maana zaidi ya cha kukinga vidonda. Tulimlisha: kwanza maziwa maalumu mepesi, kidogokidogo, mchana na usiku, kisha ile siagi ya karanga ya pakiti ambayo watoto wa Isiolo wanaijua kwa jina kuliko wanavyoijua peremende. Uvimbe ulikwisha kwanza, akawa mwembamba kuliko alivyokuja, na mama akaogopa. Ilibidi nimketishe na kumweleza kwamba yale mashavu yalikuwa maji. Ngozi mpya ilikuja kutoka kingo za vidonda kuelekea katikati.

Kisha kuna shingo mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mwanamume mchoma makaa, njia ya Ngaremara. Alikuja na doa lililozunguka shingo, jeusi, gumu, lililopasuka, limekoma palepale kola ya shati inapoanzia. Mikono yote miwili ilikuwa hivyohivyo kutoka vidoleni mpaka juu kidogo ya kifundo, kulia sawa na kushoto. Alikuwa amepewa dawa ya fangasi mara kadhaa. Nilimwomba afungue vifungo vya shati. Kifuani ngozi ilikuwa safi kabisa.

Fangasi hawajui kola. Jua ndilo linalojua. Nilimuuliza amekula nini jana: ugali na strungi, chai isiyo na maziwa. Juzi: ugali na strungi, na pombe. Mkewe akaongezea kwamba anaharisha na amekuwa msahaulifu, anatoka kwenda kisimani anarudi bila dumu. Mganga Gaspar Casal alilieleza doa hilo la shingoni huko Asturias, Hispania, mwaka 1735, kati ya watu maskini walioishi kwa mahindi, na mpaka leo madaktari huliita mkufu wa Casal. Ni dalili ya pelagra. Mahindi yana niasini, lakini imefungwa, mwili hauipati kirahisi. Wenyeji wa Meksiko, ambako mahindi yalianzia, huyachemsha na chokaa au jivu kabla ya kuyasaga, nayo niasini hufunguka. Mahindi yalisafiri dunia nzima, ujuzi ule ukaachwa nyuma.

Marekani ya kusini ilipojaa pelagra, wakubwa walisema ni maambukizi. Joseph Goldberger, daktari wa serikali, mwaka 1915 aliwalisha wafungwa 11 wa Mississippi, waliojitolea kwa ahadi ya msamaha, chakula cha mahindi na sukari kama cha maskini wa huko, na 6 wakaugua. Bado hakuaminiwa, akafikia kujidunga damu ya wagonjwa na kumeza magamba ya ngozi zao. Hakuugua. Kukubali kwamba ni chakula kulimaanisha kukubali kwamba ni umaskini, na hilo lina gharama kuliko kuua vijidudu.

Jambo la kazini niliongeze hapa. Vitabu tulivyosomea vilionyesha pelagra kwa picha za Wazungu, nyekundu tii. Kwenye ngozi yetu haiji nyekundu. Huja nyeusi, na weusi juu ya weusi huchukuliwa kuwa uchafu, jua, au fangasi. Mchoma makaa alipewa niasini na daktari, na mimi nikahangaika na mkewe kuhusu maharage, maziwa na karanga. Ulimi uliokuwa mwekundu ukatulia baada ya siku chache. Shingo ilichukua muda.

Shingo ya pili ilikuwa ya mwanamke mwenye duka mjini. Hakuja kwa ajili yake, alimleta mtoto kwa chanjo, lakini alikuwa amejifunga mtandio kwa namna ya kuficha, na joto la Isiolo likamshinda akaulegeza. Nyuma ya shingo ngozi ilikuwa nyeusi, nene, laini, yenye mikunjo. Wifi yake alikuwa amemwambia mbele ya watu kwamba hajui kuoga. Alikuwa ameisugua kwa dodoki, kwa limau na chumvi, kwa jiwe la kusugulia nyayo, mpaka ikachubuka. Kisha akanunua krimu ya kung'arisha, uso ukatakata, shingo ikabaki, na tofauti ikaonekana zaidi. Krimu nyingi za namna hiyo zina hidrokwinoni au zebaki, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi Kenya na vinavyouzwa kwenye rafu tulizoanza nazo.

Nilimpeleka chumba cha pili akapimwe sukari. Ilikuwa juu. Weusi ule wa shingo na makwapa mara nyingi ni mwili uliojaa insulini isiyosikilizwa, na insulini nyingi huzifanya seli za ngozi ziongezeke. Tulihesabu chai pamoja. Duka lina birika, mteja akija anakaribishwa, na Isiolo hakuna biashara bila chai. Vikombe vitano kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja: gramu 60 za sukari au zaidi, kabla ya mahamri, soda ya mchana na tambi za jioni. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana 25. Sukari ya magendo inayopitia mpaka wa Somalia imekuwa rahisi kwetu kwa miaka mingi, rahisi kuliko maziwa. Alipunguza kijiko kimoja kimoja, akaanza kutembea alfajiri na wenzake kuelekea uwanja wa ndege. Shingo ilififia. Wifi hakuomba radhi.

Trowell sasa. Alipostaafu Uganda alirudi Uingereza akawa kasisi, kisha uzeeni akaungana na Denis Burkitt, rafiki wa Mulago, wakahariri vitabu viwili, 1975 na 1981, kuhusu maradhi ya wanaokula wanga uliokobolewa na kukosa nyuzinyuzi: kisukari, unene, moyo. Mtu mmoja alianza na watoto wanaobambuka ngozi kwa kukosa, akamaliza na watu wazima wanaougua kwa kuzidi. Yeye ilimchukua umri mzima na mabara mawili. Mimi shingo zile mbili nilizikuta kwenye mji mmoja, na mara nyingine huzikuta kwenye ukoo mmoja: kaka kijijini, dada mjini.

Lakini siyo kila ngozi inaongea habari za sufuria, na hapa wapenzi wa lishe wenzangu hutukosesha heshima. Kuna mtoto aliyeletwa amekonda, anajikuna. Majirani walisema ni aleji, mama akamwachisha mayai, kisha maziwa, kisha nyama, na mtoto akabaki na wali mtupu. Nilimuuliza mama kama usiku wengine nyumbani wanajikuna. Akacheka: "Wote, daktari, mpaka babu." Ulikuwa upele, wale wadudu wanaochimba katikati ya vidole, na dawa yake ni ya kupaka, nyumba nzima siku moja, na nguo kufuliwa. Krimu aliyonyimwa ndiyo aliyoihitaji, na chakula alichonyang'anywa hakikuwa na kosa. Vivyo hivyo barasi. Mama mmoja wa pwani aliyeolewa huku alimkataza bintiye samaki na maziwa katika mlo mmoja, kwa imani kwamba huleta mabaka meupe. Barasi ni kinga ya mwili inayoshambulia seli za rangi. Samaki na maziwa katika mlo mmoja havihusiki nayo.

Mara ya mwisho kuzungumza na kikundi cha akina mama Burat nilibeba mabango ya mboga, machungwa na mayai. Mama mmoja aliyekaa mbele aliyatazama yote, akauliza, "Hayo machungwa yanaota wapi hapa?" Nikasema maziwa ya ngamia yanatosha kuziba pengo hilo, na matunda ya deka watoto wanayoyachuma porini, na mchicha wa wale waliolima kando ya mto. Nikaongeza kwamba maziwa yasiuzwe yote. Hapo akasimama. Alikuwa mpole lakini hakunipa nafasi. Lita ikienda mjini, alisema, hurudi na unga na mafuta ya kupikia ya nyumba nzima. Lita ikinywewa, sufuria ya jioni ni tupu. "Nipigie hesabu hiyo, binti yangu."

Tuliipiga, chini, kwa kijiti. Lori la maziwa hupita asubuhi, kwa hiyo lita ya asubuhi ndiyo inayouzwa. Ya jioni haina gari, na ndiyo wanayokunywa watoto. Wanawake wote walikubali kwamba ndivyo ilivyo na ndivyo ilivyokuwa kwa mama zao, na hawakuhitaji bango langu kuwaambia. Walichotaka nikiandike kwenye ripoti ni kingine: ukame ukiingia ngamia hukamuliwa mara moja tu, nayo ni ya asubuhi.